Hati ya mashtaka ndiyo hukumu ya kwanza

Kijana anampokonya abiria simu kwenye kituo cha daladala, jioni, watu wamejaa. Anakimbia, anakamatwa mtaa wa pili, wananchi wanampa kipigo, kisha anafikishwa polisi. Tukio lenyewe halikuchukua hata dakika moja. Lakini katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, tukio hilo linaweza kupewa zaidi ya jina moja. Likiitwa wizi kutoka maungoni mwa mtu, kijana anaweza kulala nyumbani kwa dhamana, na akitiwa hatiani kifungo hakizidi miaka 10. Likiitwa unyang'anyi, kwa kuwa alimsukuma mwenye simu, uzito unaongezeka ila mlango wa dhamana bado uko wazi. Shahidi mmoja akisema aliona kisu mkononi mwake, sasa ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Hapo dhamana hakuna kabisa, na hakimu akimwona ana hatia hana ruhusa ya kumfunga chini ya miaka 30.

Wananchi wengi, na waandishi wa habari pamoja nao, huisubiri siku ya hukumu. Ndiyo siku ya kamera na vilio nje ya mahakama. Mimi nasema uamuzi unaoyabadili maisha ya mshtakiwa kuliko mwingine wowote hufanyika miezi au miaka kabla ya siku hiyo, ofisini, bila hadhira, pale mtu anapochagua kifungu cha kuandika kwenye hati ya mashtaka. Kifungu hicho ndicho kinachoamua mahakama itakayosikiliza kesi, kama mshtakiwa atadhaminiwa, kesi itakaa muda gani kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa, na mara nyingi hata adhabu yenyewe.

Tuanze anapokamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, Sura ya 20, inamtaka askari amweleze mtu sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Kabla ya kuhojiwa aonywe kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi dhidi yake. Aambiwe pia kwamba ana haki ya kumwita wakili, ndugu au rafiki. Na kwa utaratibu wa kawaida afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au, pale ambapo kosa linaruhusu, apewe dhamana ya polisi.

Muda wa kumhoji nao una mipaka. Ni saa 4 tangu alipowekwa chini ya ulinzi, bila kuhesabu muda wa kumsafirisha hadi kituoni. Muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa, lakini lazima uombwe. Ndiyo maana wakili mzoefu anapokabidhiwa maelezo ya onyo ya mteja wake haanzi kusoma alichokiri. Anatafuta saa. Juu ya ukurasa imeandikwa saa ya kuanza, mwishoni saa ya kumaliza, na chini ya hapo sahihi au dole gumba. Kisha anakaa kimya na kumsubiri askari aliyekamata apande kizimbani. Askari huyo akisema walimtia mbaroni saa 4 asubuhi, na maelezo yakaonyesha yalianza kuandikwa saa 11 jioni, pengo limekwisha kuonekana. Wakili ataweka pingamizi, mahakama itasimamisha kesi kubwa na kuendesha kesi ndani ya kesi, na upande wa mashtaka utatakiwa kueleza saa zile zote zilikwenda wapi. Katika rufaa ya Janta Joseph Komba na wenzake dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani iliyakataa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda wa kisheria. Msimamo huo umewaokoa wengi, nami naupenda, kwa sababu ndani ya saa zile za ziada, mlango ukiwa umefungwa, ndimo watu hukiri mambo ambayo hawakuyafanya.

Tatizo ni kwamba kinga hii inamsaidia mtu baada ya miaka, kesi inaposikilizwa, na iwapo ana mtetezi anayejua kuangalia saa. Siku ile ya kwanza kituoni haimsaidii kitu. Maelezo yale yale yanaingia kwenye jalada, jalada linapelekwa kwa mwendesha mashtaka, naye anachagua kifungu akitegemea karatasi ambazo hakuna aliyezipinga bado.

Zamani aliyepeleleza na aliyeshtaki walivaa sare moja. Katika mahakama nyingi za wilaya, mwendesha mashtaka alikuwa askari polisi. Sheria ya Huduma za Taifa za Mashtaka ya 2008 ilikusudia kuzitenganisha kazi hizo mbili, na polepole mawakili wa serikali walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye kila mtu humwita DPP, wakachukua nafasi. Yalikuwa mageuzi makubwa, na wala sidhani tumeyasifu vya kutosha. Mwanasheria anayesoma jalada kwa jicho la mahakama anaweza kulirudisha kwa mpelelezi na kumwambia hapa hakuna kesi, au hapa kuna wizi wa kawaida na si unyang'anyi wa silaha. Ila sheria inampa uwezo huo bila kuweka mtu wa kumuuliza pale asipoutumia.

Hakimu ndiye tungetarajia aulize. Tazama basi kinachotokea mtuhumiwa wa mauaji anapofikishwa kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu mkazi. Anasomewa shtaka, kisha anaambiwa hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Sentensi hiyo imechapwa magazetini mara nyingi mno hata tumeacha kuisikia. Maana yake ni kwamba mtu ameshtakiwa kwa kosa zito kuliko yote, anapelekwa gerezani, na mbele yake hakuna ofisa wa mahakama mwenye uwezo wa kuuliza: ushahidi wenu ni upi?

Kinachofuata ni kutajwa kwa kesi. Kila baada ya wiki mbili hivi karandinga linaleta mahabusu, wanashuka, wanaingia mahakamani. Wakili wa serikali anasimama: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anaandika tarehe. Yote hayo ni dakika mbili au tatu. Mama aliyetoka nyumbani alfajiri na chakula kwenye kontena anamwona mwanawe mgongo, kisha karandinga linaondoka. Kwa makosa yanayosikilizwa na mahakama za chini, sheria iliweka kikomo cha siku 60 cha kuahirisha kwa sababu ya upelelezi, kikomo kinachoweza kusogezwa kwa hati za wakubwa wa upelelezi na wa mashtaka hadi miezi 24. Kwa kesi zinazongoja kupelekwa Mahakama Kuu, kikomo hicho hakimsaidii mahabusu.

Yote haya yanamwangukia mahabusu kwa uzito huo kwa sababu ya dhamana. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hajathibitika kuwa nalo. Lakini kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 148(5) cha Sura ya 20 kinataja makosa ambayo mahakama haiwezi kuyatolea dhamana hata ikitaka: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, usafirishaji wa dawa za kulevya, ugaidi, utakatishaji wa fedha, na mengine. Hakimu hapimi kama mshtakiwa atatoroka, wala haulizi kama ana makazi na wadhamini wanaoaminika. Jina la kosa likishatajwa, limemaliza mjadala.

Vita vya kisheria juu ya jambo hili ni vya muda mrefu. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, ilikubaliana kwamba kifungu cha kunyima dhamana kilivyokuwa kimeandikwa wakati ule kilivunja Katiba. Shauri hilo lilianzia mikononi mwa Jaji James Mwalusanya, aliyekuwa na ujasiri wa kuisoma sura ya haki za binadamu kama sheria hai. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo, katika shauri la Jeremia Mtobesya, ikakubali kufutwa kwa kifungu kilichompa DPP uwezo wa kuzuia dhamana kwa kuweka hati tu mezani, bila kutakiwa kueleza mbele ya hakimu. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, ikakipiga chini kifungu cha 148(5) chenyewe. Furaha haikudumu. Agosti ya mwaka huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na orodha ikabaki.

Kwa heshima zote kwa waheshimiwa majaji, mashauri mawili ya mwisho hayakai pamoja vizuri. Hati ya DPP ya kuzuia dhamana ilifutwa kwa sababu ilimwondolea mshtakiwa nafasi ya kusikilizwa. Lakini DPP huyo huyo, akiandika kosa lililo kwenye orodha, anapata matokeo yale yale bila hati yoyote. Aliyesimama kizimbani haoni tofauti.

Kenya walichagua njia nyingine. Ibara ya 49 ya Katiba yao ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumnyima, na sababu hizo lazima zielezwe mbele ya mahakama. Mshtakiwa wa mauaji naye husikilizwa. Wapo wanaonyimwa, tena wengi, lakini wananyimwa na jaji aliyeulizwa na akajibu kwa maandishi.

Nguvu ya jina la kosa inaonekana wazi katika kesi ambayo kila msomaji wa Kiswahili anaikumbuka. Usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, mwigizaji Steven Kanumba alifariki dunia nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, Lulu, alikamatwa na kufikishwa mahakama ya Kisutu akishtakiwa kwa mauaji. Alikwenda rumande, na miezi ikapita huku mawakili wakibishana hata juu ya umri wake. Kisha shtaka likabadilika na kuwa kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akapata dhamana. Usiku ule ulikuwa ni ule ule, aliyefariki ni yule yule, na Lulu hakuwa amepungua wala kuongezeka hatari kwa jamii. Neno moja liliondoka kwenye hati, akatoka gerezani.

Na si dhamana tu iliyobadilika. Anayepatikana na hatia ya mauaji anahukumiwa kifo, jaji hana chaguo. Anayepatikana na hatia ya kuua bila kukusudia anaweza kupewa adhabu yoyote, kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi kifungo cha maisha. Kesi iliposikilizwa hatimaye mwaka 2017, Jaji Sam Rumanyika alimtia hatiani na Novemba 13 akampa miaka miwili, na Mei 2018 kifungo hicho kikageuzwa kuwa cha nje. Watu walibishana sana kama miaka miwili ni midogo au mikubwa. Nijuavyo mimi, nafasi ya jaji kufikiria miaka miwili ilipatikana siku ile hati ilipobadilishwa.

Upande wa pili wa sarafu ni masheikh wa jumuiya ya Uamsho kutoka Zanzibar. Sheikh Farid Hadi Ahmed, Sheikh Mselem Ali Mselem na wenzao walishtakiwa kwa ugaidi Tanzania Bara mwaka 2014. Kosa lisilo na dhamana. Walikaa gerezani hadi Juni 2021, DPP alipowafutia mashtaka. Karibu miaka 7, na hukumu haikusomwa kamwe, ya hatia wala ya kuachiwa. Msomaji anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya siasa zao. Mimi nauliza juu ya miaka ile 7, iliyotolewa na hati ya mashtaka peke yake. Mfungwa aliyetiwa hatiani anaweza kumwomba jaji autazame muda aliokaa rumande wakati wa kupanga adhabu. Aliyefutiwa mashtaka hana adhabu ya kupunguziwa. Akitaka fidia inabidi afungue kesi ya madai na athibitishe kwamba alishtakiwa kwa nia mbaya, mzigo ambao wachache wanaweza kuubeba.

Bunge liliona sehemu ya tatizo. Marekebisho ya 2022 yaliweka kifungu kinachokataza kufungua kesi mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika. Hatua njema, ila makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu yaliachwa nje. Yaani aliyeiba kuku analindwa asishtakiwe mapema mno, na aliye katika hatari ya kukaa rumande kwa miaka hakulindwa. Tume ya Haki Jinai, iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi, ikasikiliza wananchi, na Julai mwaka huo ikakabidhi ripoti. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwa na chombo cha upelelezi kinachojitegemea. Nayaunga mkono, ingawa upelelezi ukitenganishwa bila kugusa orodha ya makosa yasiyo na dhamana, mahabusu atakuwa amepata mpelelezi mpya na chumba kile kile.

Kesi ikifika hatua ya kusikilizwa, nina imani nayo zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mshtakiwa anakana, unafanyika usikilizwaji wa awali kutenganisha yanayobishaniwa na yasiyobishaniwa, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inaleta mashahidi, mahakama inaamua kama ana kesi ya kujibu, naye anajitetea au ananyamaza. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri, pasipo kuacha shaka. Tangu hukumu ya Waziri Amani ya 1980 mahakama zetu zimekuwa kali juu ya utambuzi wa usiku: kulikuwa na mwanga gani, umbali gani, shahidi alimtazama kwa muda gani, alimjua kabla? Na hukumu ya Marwa Wangiti Mwita ikatufundisha kumwamini zaidi shahidi aliyemtaja mhalifu mapema, kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye, kuliko aliyemkumbuka baada ya wiki. Ni sheria nzuri, imejengwa na majaji wetu kwa mazingira yetu ya vibatari na tochi. Inachelewa tu kumfikia anayeihitaji.

Kisha adhabu. Baada ya kutiwa hatiani, mwendesha mashtaka anasema kama ana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Mshtakiwa anaomba apunguziwe: ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana wazazi wanaomtegemea, ana watoto. Wengine hulia. Hakimu husikiliza na kuandika kila neno. Halafu, kwa unyang'anyi wa silaha, anaandika miaka 30, kwa sababu sheria haikumwachia chini ya hapo. Yule kijana wa kituo cha daladala mwenye miaka 19, aliyeonyesha kisu cha kumenyea machungwa na simu ikarudishwa siku hiyo hiyo, anapata kima cha chini kile kile cha jambazi mzoefu. Kwa mauaji hali ni hiyo hiyo, ila adhabu ni kamba ya kunyongea. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa Tanzania, lakini majaji wameendelea kutamka kifo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao Arusha, iliamua Novemba 2019 katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kumwachia nafasi ya kupima kunavunja haki ya kuishi, na ikaiagiza Tanzania iondoe ulazima huo.

Unganisha mambo hayo sasa. Kosa lisilo na dhamana mwanzoni, adhabu isiyopungua mwishoni. Katikati, tangu 2019, kuna makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na DPP, yanayoweza kubadili shtaka au kupunguza adhabu. Makubaliano ni jambo jema pale pande mbili zinapozungumza zikiwa huru. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa kwa makosa yakiwemo utakatishaji wa fedha, kosa lisilo na dhamana. Alitoka Februari 2020, baada ya kufikia makubaliano na kutozwa fedha nyingi. Mtu aliye gerezani, asiyejua upelelezi utakamilika lini, anapoletewa karatasi ya kukiri inayomrudisha kwa watoto wake, mahakama inapaswa kumuuliza zaidi ya kama ameisoma na kuielewa. Imuulize angesaini kama angekuwa amelala nyumbani kwake.

Ninachokidai hakihitaji kuandika sheria upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Mtu yeyote anayeshtakiwa kwa kosa lisilo na dhamana afikishwe ndani ya siku chache mbele ya hakimu au jaji mwenye mamlaka ya kuuliza swali moja: ushahidi mlio nao leo unaligusa kosa mliloliandika? Wakili wa serikali ajibu kwa kuonyesha maelezo ya mashahidi aliyo nayo, si kwa kuomba tarehe. Asiposhawishi, mahakama iwe na uwezo wa kumsikiliza mshtakiwa juu ya dhamana kana kwamba ameshtakiwa kwa kosa dogo ambalo ushahidi unalifikia, huku upelelezi ukiendelea. Atakayeogopa kwamba wahalifu watatoroka aje mahakamani aseme hivyo, alete sababu, na hakimu azipime. Upimaji huo mahakama zetu huufanya kila siku kwa makosa mengine, na wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha taifa vimewarudisha maelfu ya watu kizimbani kusikiliza kesi zao.

Kwa kijana wetu wa simu, swali hilo lingekuwa rahisi kabisa. Nani aliona kisu, na kisu chenyewe kiko wapi?